Mkono Hauendi Bila Amri



Wazazi wetu na ndugu zangu vijana, hebu kila mmoja ainue mkono wa kulia. Ahsanteni. Sasa tujiulize, ni nani aliyeuinua?

Amri ilianzia ubongoni, upande wa kushoto. Ikateremka, ikavuka upande wa pili chini ya ubongo, ikashuka na uti wa mgongo, kisha ikapita kwenye neva mpaka msulini. Hapo neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo ndiyo huuambia msuli ujikaze. Yote hayo hayafiki hata sekunde moja! Na ubongo mdogo, ulioko kisogoni, husawazisha mwendo ili kikombe cha uji kifike mdomoni bila kumwagika.

Mara nyingine ubongo hausubiriwi. Ukigusa sufuria ya moto, uti wa mgongo huamuru mkono uvutwe kabla hujahisi uchungu.

Kwa nini tunayasema haya? Ni kwa sababu ya kiharusi. Mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka ubongoni, mahali amri inapotoka huharibika. Msuli ni mzima, lakini haupati amri. Ndiyo maana ubongo ukiumia kushoto, kwa kawaida mkono na mguu wa kulia ndio hupooza.

Basi ukimwona mtu ghafla mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki sawasawa, usiseme ni upepo mbaya, wala usingoje kuche. Angalia saa dalili zilipoanza, mkimbize hospitali inayopiga picha ya kichwa. Ikiwa mshipa umeziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita muda wa saa 4 na nusu. Usimtie maji wala tende mdomoni, hata adhana ya magharibi ikilia. Misuli ya kumeza huenda nayo haipati amri, akapaliwa.

Presha ndiyo sababu kubwa ya kiharusi. Mwenye dawa asiziache kwa ajili ya saumu. Amuone daktari mapema, ampangie za futari na za daku.

Na aliyekwisha kupooza tusimlaze tu pembeni. Kwa mazoezi, ubongo huweza kujifunza njia nyingine ya kupeleka amri. Kijana, mshike babu mkono, mfanye naye mazoezi aliyofundishwa, kila siku, hata kama ni kidole kimoja tu kinachosogea.

Wabillahi tawfiq.