Kipindi Kinachoporwa

Msikilizaji, itazame ratiba iliyobandikwa ukutani katika shule yoyote ya sekondari, iwe Garissa, Mandera au huku Buna, kaskazini mwa Kaunti ya Wajir. Herufi mbili hazikosi: PE, yaani mazoezi ya viungo. Sasa mtafute mwanafunzi wa Kidato cha Nne, umuulize ni lini mara ya mwisho kipindi hicho kilimtoa darasani. Aghalabu itabidi afikirie sana. Leo kimechukuliwa na mwalimu wa hisabati anayekimbizana na silabasi. Wiki ijayo kitakwenda kwa mwalimu wa kemia. Wala hakuna anayelalamika, maana PE haitahiniwi katika KCSE, na kisichotahiniwa hakina mtetezi.

Jambo hili linaumiza zaidi Buna kuliko Nairobi. Mtoto wa Nairobi akikosa PE shuleni, huenda akapata timu ya mtaani, kocha wa kujitolea, hata bwawa la kuogelea. Wa Buna akikosa kipindi hicho, kwa wengi ndiyo basi.

Wasomali wa pande hizi wanamjua Mo Farah kwa dhahabu zake nne za Olimpiki, mbili za London mwaka 2012 na mbili za Rio mwaka 2016. Alan Watkinson wanamjua wachache. Huyu alikuwa mwalimu wa PE katika shule moja ya Feltham, magharibi mwa London, alipopokea mtoto aliyekuwa hajui Kiingereza cha kutosha na aliyehangaika darasani. Watkinson ameeleza kwamba lugha pekee ambayo mtoto yule alionekana kuielewa ilikuwa ya michezo. Mwaka 2022 Farah alisimulia katika filamu ya BBC kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin, kwamba aliingizwa Uingereza kwa jina la mtoto mwingine na kutumikishwa kazi za nyumbani. Mtu mzima ambaye Farah alimfungulia moyo alikuwa mwalimu wake wa PE, na ndiye aliyehangaika hadi mtoto akatolewa katika nyumba ile na baadaye akapata uraia. Mbio zilikuja na sifa zake, lakini kwanza palikuwa na mwalimu aliyesimama uwanjani na kumtazama mtoto kwa makini. Kipindi kikiporwa, macho hayo nayo yanaondoka.

Kuna wanaosema michezo ya shule ipo, si kuna mashindano? Yapo. Yanapanda ngazi kwa ngazi, kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kanda, kisha taifa. Ila fungua ramani. Kutoka Buna hadi mji wa Wajir ni zaidi ya kilomita 100. Garissa, kwa mstari ulionyooka tu, ni zaidi ya 350. Moyale iko karibu kuliko Wajir, lakini Moyale ni ya Kaunti ya Marsabit, kwa hiyo shule zake zinapanda ngazi nyingine kabisa. Timu ya Buna inahitaji lori, mafuta, chakula na mahali pa kulala kabla haijapuliziwa filimbi hata moja. Na hata ikifika, wanaosafiri ni kikosi tu. Mamia wanabaki nyuma, na hao hawana chochote isipokuwa zile dakika 40 za kwenye ratiba.

Kalenda nayo ina lake. Riadha, mpira wa mikono, mpira wa vikapu na magongo huchezwa muhula wa kwanza, na miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia humo humo. Machi, joto la Wajir hupita nyuzi 35. Kumwambia aliyefunga akimbie saa saba mchana ni kumtesa. Lakini hilo ni suala la saa, wala si sababu ya kufuta somo.

Kisha wasichana. Inasemwa kwa wepesi kuwa mila haiwaruhusu kucheza, na mazungumzo yanafungwa hapo. Majirani walikwisha kuyafungua. Katikati ya miaka ya 2000, katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, UNHCR na kampuni ya Nike waliketi na wasichana wenyewe wakabuni sare za voliboli zenye stara ambazo wazazi hawakuzipinga. Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan, mwanzilishi wa shirika la HODI, aliutumia mpira wa miguu kupatanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikiuana kwa bunduki, kisha akawaingiza wasichana, wakicheza na hijabu zao. Sheria za soka duniani ziliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014, na za mpira wa vikapu mwaka 2017. Kizuizi kilichobaki katika shule nyingi ni kidogo kuliko kinavyotajwa: uwanja uko wazi kwa wapita njia, na mwalimu wa kike wa michezo hayupo.

Walimu ndio kidonda kikubwa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na baadaye Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji wa kaunti hizi. Mwalimu mkuu mwenye upungufu wa walimu wa fizikia hawezi kulaumiwa kwa urahisi anapomwona wa PE kama anasa. Anastahili kusaidiwa. Vijana wa hapa waliosomea ualimu wafunzwe pia kufundisha mazoezi ya viungo, kwa kuwa wao hawatahamishwa kwa hofu.

Tena wakati wenyewe unadai. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na kati ya mikondo mitatu waliyowekewa, mmoja ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule ndogo haziwezi kutoa mikondo yote, na ni rahisi kubashiri ni upi utakaoachwa. Lakini hata asiyechagua mkondo huo, mtaala unataka afanye PE. Hapo mwalimu mkuu hana ruhusa ya kuchagua.

Wala si lazima kungoja fedha za uwanja. Kipindi kihamishiwe saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza, na wakati wa Ramadhani kiwe chepesi, cha kunyoosha viungo na kujifunza kanuni. Mistari ichorwe kwa majivu. Wazazi waombwe makuti na magunia ya kuzungushia upande wa wasichana. Na yule mwalimu wa hisabati atafutiwe saa nyingine ya kumalizia silabasi yake.