Paa Lililonyanyuliwa: Hewa, Udongo na Mabati katika Kazi za Francis Kéré



Kazi za Diébédo Francis Kéré zina mengi ya kujifunza, lakini muda wangu mwingi nitautumia kwenye paa. Paa ndilo linalotutesa. Ingia saa nane mchana katika darasa la mabati lisilo na dari, utakuta watoto wanajipepea kwa madaftari.

Kéré alizaliwa mwaka 1965 kijijini Gando, Burkina Faso. Alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu majengo Berlin. Shule ya msingi aliyowachorea watu wa Gando ilipokamilika mwaka 2001, alikuwa bado mwanafunzi. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker.

Kuta za shule ni za matofali ya udongo wa hapohapo, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Dari nalo ni la matofali ya udongo, yaliyopangwa makavu bila udongo wa kuunganishia, ili hewa ipenye katikati yake. Mabati yako juu zaidi, mbali na dari, yakibebwa na kenchi za nondo za kawaida zilizochomelewa. Jua likiyapiga, hewa iliyo kati yake na dari hupata joto, hupanda na kutoka, nayo huivuta hewa ya darasani ipite kwenye nafasi za dari. Hewa ya nje huingia kwa madirisha. Kijiji hakikuwa na umeme, na darasa halikuhitaji feni. Tena mabati yametokeza sana nje ya kuta, kwa hiyo mvua haiumomonyoi udongo.

Ubunifu wake hasa nauona hapa. Sisi tumezoea kubishana: udongo wa wazee au mabati ya dukani? Kéré aliyachukua yote mawili, akabadilisha mahali pa mabati.

Hata nondo hazikuchaguliwa ovyo. Kenchi nyepesi haihitaji winchi. Wanakijiji walifundishwa kukata na kuchomelea, wakaipandisha wenyewe. Watoto walisomba mawe ya msingi. Wapo waliopata ufundi pale na baadaye wakaajiriwa kwenye ujenzi kwingine, na kwangu mimi hiyo ni sehemu ya ramani sawa na ukuta.

Njia hiyo ya hewa kupitia juu iko pia katika kazi zake nyingine. Kwa maktaba ya Gando, vyungu vilivyofinyangwa na akina mama vilikatwa, vikapangwa katika dari ili matundu yake yapitishe mwanga na hewa. Nchini Kenya, kampasi ya Startup Lions aliyoisanifu Kéré, iliyokamilika mwaka 2021 kando ya Ziwa Turkana ina minara mirefu ya kutolea hewa ya moto, iliyobuniwa kwa kufuata vichuguu vya mchwa vya eneo hilo.

Tukitaka kuchukua paa la Gando kwa madarasa yetu, wahandisi mtusaidie jambo moja. Paa lililonyanyuliwa na kutokeza hushika upepo kutoka chini. Kenchi zisikalie ukuta tu. Zifungwe kwa nondo zilizozama ndani ya lenta, na lenta yenyewe ishikwe imara na ukuta. Naomba kikundi cha ujenzi kianze kuchora kiungo hicho mchana huu, kwa kipimo halisi cha darasa la watoto 45.