Kabla ya Kupanda Mti, Soma Ardhi

Hotuba ya afisa wa mazingira kwa wakaazi waliokutana katika baraza, Minjila

  

Nimeombwa niseme machache juu ya usanifu wa mandhari. Neno ni kubwa, lakini jambo lenyewe mnalijua. Ni kupanga mahali pa nje: ua, njia, miti, mifereji, mahali pa kuketi na mahali pa mifugo. Nyumba hupangwa na fundi. Nje mara nyingi hapapangwi na mtu, na huko ndiko joto linakoanzia na maji yanakoingilia.

Minjila ni njia panda. Magari ya Malindi, ya Hola na Garissa, na ya Lamu yote yanapita hapa, na mji unakua. Tena, tangu mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, watu wa kando ya mto wamekuwa wakitafuta mahali pa juu. Anayehamia juu amekimbia maji, lakini anakutana na jua. Anafyeka kiwanja chote hadi udongo ubaki mtupu, anaezeka mabati, na ikifika saa nane mchana ndani hakukaliki. Mtoto mchanga na mgonjwa ndio wanaoumia kwanza.

Basi tupande miti. Hilo tumelisikia, na siku ya Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko kwa kazi hiyo. Langu leo ni moja: hesabu ya miche haitoshi. Mti una mahali pake, na mahali pasipofaa mti mwema hugeuka mzigo.

Nitawapa mifano miwili, na yote miwili inaanzia pwani yetu hii, Bamburi, Mombasa.

Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe pale hadi pakabaki jangwa la matumbawe, bila udongo. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa kilimo, René Haller, alianza kupajaribu. Alipanda aina 26 za miti. Zilizoshika ni tatu tu, na mmojawapo ni mvinje. Alifuata ile iliyokubali. Majani ya mvinje yakaanguka, majongoo wakayala na kuyasaga, polepole udongo ukapatikana, na miti mingine ikafuata. Leo pale ni msitu na bustani ya wanyama inayotembelewa na watu. Ardhi iliulizwa kwanza, kisha ikasikilizwa.

Mfano wa pili ni mathenge. Nao uliletwa Bamburi mwaka 1973 kwa kazi hiyo hiyo ya kufufua machimbo. Katika miaka ya 1980 ukapandwa maeneo makavu ya nchi, pamoja na huku kwetu Hola na Bura, ili watu wapate kuni na upepo upungue nguvu. Nia ilikuwa njema, na mti wenyewe ulistawi mno. Mifugo wakala maganda yake matamu, wakazisambaza mbegu kwa kinyesi. Maji ya mafuriko nayo yakazibeba. Mnajua yaliyofuata: miiba inayotoboa kwato na magurudumu, malisho yaliyofunikwa, njia zilizozibwa. Kule Baringo wananchi walikwenda mahakamani mwaka 2006, wakampeleka hata mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda hayo. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari.

Kwa hivyo kabla ya kuchimba shimo, tuiulize ardhi maswali matatu.

Swali la kwanza: maji yanapita wapi? Maji hayasahau njia yake. Mvua kubwa ikinyesha, simama mlangoni utazame yanakotoka na yanakoelekea. Weka vigingi. Hapo usijenge jiko, usichimbe choo, usiweke ukuta. Acha mkondo, uoteshe nyasi ndani yake ili maji yaende polepole na yasikate udongo. Choo kiwe upande wa chini wa mteremko, angalau mita 30 kutoka kisimani.

Maji ya paa nayo ni mali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita sita kwa nane likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 960. Ukipoteza kiasi kwa kumwagika, bado una zaidi ya madumu 35 ya lita 20. Kama tangi halijapatikana, elekeza maji hayo kwenye mashimo ya miti badala ya kuyaacha yachimbe msingi wa nyumba.

Swali la pili: jua na upepo vinatoka wapi? Ukuta unaochomeka zaidi ni wa magharibi, kwa maana jua la alasiri huupiga wakati hewa tayari imepata moto. Mti wa kwanza wa kivuli uwe upande huo, mita tano au zaidi kutoka ukutani ili mizizi na matawi yasiharibu nyumba. Wa pili uwe mashariki. Kisha kumbukeni pepo zetu mbili, kusi na kaskazi. Kusi inatupoza katika miezi ya katikati ya mwaka, kaskazi katika miezi ya joto kali. Msizibe njia zake kwa ua mnene au ukuta mrefu. Ua wa vichaka vifupi unazuia vumbi na unaacha hewa ipite juu yake.

Swali la tatu: mifugo wanapita wapi? Hili kwetu ni zito kuliko yote. Katika Delta ya Tana, malka ni njia ya ng'ombe kufikia maji. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipopotea mfululizo, mifugo waliokuja mtoni walihitaji njia hizo ili waishi. Malka ikizibwa kwa shamba, kwa ua au kwa kichaka cha mathenge, ng'ombe atapita shambani kwa mtu, na kutoka hapo maneno huanza. Wazee mliopo hapa mnajua maneno hayo yamewahi kutufikisha wapi. Kwa hivyo mtu anayepanga kiwanja, shule au soko na akaiacha malka wazi, amepanda amani pamoja na mti.

Sasa, mti gani? Mkwaju unavumilia ukavu, kivuli chake ni kizito na ukwaju unauzwa. Mkunazi na mgunga vinafaa ua wa mfugaji. Mbuzi wanapata majani na matunda. Mkoma tuliupewa na ardhi yenyewe, na akina mama wanajua thamani ya majani yake kwa mikeka na vikapu. Tuuhifadhi pale tunapoukuta badala ya kuufyeka. Mwembe unataka maji, basi uwekwe karibu na bafu au mahali pa kufulia, maji yaliyotumika yaufikie. Mwarobaini unakua haraka na unafaa, lakini mji mzima usipandwe mwarobaini mtupu. Ugonjwa au mdudu mmoja akiingia, kivuli chote kinaondoka kwa pamoja.

Kuupanda ni rahisi, kuutunza ndiko kazi. Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyokauka vizuri. Tengeneza tuta la nusu mwezi, mdomo wake ukitazama mteremko unakotoka, likusanye maji. Funika udongo kwa majani makavu. Zungushia miiba mbuzi wasifike. Wakati wa kiangazi toboa tundu dogo kwenye chupa ya lita tano, uiweke shinani, idondoke polepole. Miche mitano iliyolindwa hadi ikapita kiangazi cha pili ni bora kuliko hamsini iliyopandwa kwa picha.

Mahali pa umma nako ni petu sote. Katika stendi, zahanati, soko na uwanja wa shule tusikubali kila kitu kifunikwe kwa zege au kabro. Zege hunywa joto mchana na kulitoa usiku, tena haliachi maji yazame ardhini. Magari yapewe changarawe. Watu wapewe nyasi, mabenchi na kivuli. Mama anayesubiri kliniki, mwendeshaji wa bodaboda anayesubiri abiria, mwanafunzi wakati wa mapumziko, wote wana haki ya kivuli. Mradi wa jengo ukiletwa kwenu katika kikao cha maoni ya wananchi, ulizeni: maji ya paa yanaenda wapi? Miti iko wapi kwenye ramani? Nani atainywesha, na kwa pesa gani? Maswali hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti, na inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuyatunza mazingira. Ofisi ina sehemu yake na ua lako lina sehemu yake.

Ombi langu ni hili. Kabla ya mvua za vuli, kila mtaa utoe wazee wawili, akina mama wawili na vijana wawili, wakiwemo wafugaji na wakulima. Watembee pamoja, waweke alama penye mikondo ya maji, penye malka, na pale mathenge inapoanza kuchipua. Mche wa mathenge ung'olewe ukiwa mdogo, na mizizi yake. Ukikatwa juu tu, unachipua tena. Orodha ipelekwe kwa chifu na kwa msimamizi wa wadi, ili anayepewa kiwanja kesho ajue pa kujenga na pa kuacha.

Mashimo yachimbwe sasa, ardhi ikiwa kavu, mvua ya kwanza iyakute yako tayari.