Mcheza Kwao, Je, Hutunzwa?



Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii tunaitumia kila siku, lakini wachache tunakumbuka kwamba makao yake ni uwanjani, penye ngoma. Mchezaji akicheza vizuri, mtu huinuka alipokaa, akaingia katikati ya uwanja na kumtunza: noti kwenye paji la uso, au kanga begani. Kila aliyekuwapo huona. Mtunzaji anaona fedha yake imefika mahali pake, na mchezaji anajua amepewa nini na amepewa na nani. Hapana mtu wa katikati.

Filamu ilipokuja ilivunja uwanja huo. Anayecheza yuko Tanga, anayecheka yuko Bukoba, tena miaka kumi baadaye. Mtazamaji analipa, lakini halipi mkononi mwa mchezaji. Fedha yake inapita kwa mwenye ukumbi, mwenye duka la kanda, mwenye kituo cha televisheni, msambazaji, mtayarishaji, na ndipo, kama kimebaki kitu, inamfikia yule aliyetuchekesha. Swali langu la juma hili ni hili: katika safari hiyo ndefu, nani anaiangalia fedha ya mchezaji? Na sisi watangazaji, tunaokaa naye mbele ya kipaza sauti, tunamuuliza habari hiyo?

Sikiliza mahojiano mengi ya waigizaji wetu, redioni na magazetini. Una mchumba? Unaendesha gari gani? Ni kweli hamsalimiani na fulani? Nusu saa inakwisha, na msikilizaji hajajua mtu huyu anafanya kazi gani. Seremala hatumuulizi hivyo. Seremala tunamuuliza ametumia mbao gani, amejifunza kwa nani, na kitanda atakitoa kwa bei gani. Mwigizaji naye ni fundi. Kwa maoni yangu, yapo maswali matatu ambayo kila fundi wa filamu anastahili kuulizwa.

Swali la kwanza: uliingiaje katika kazi hii?

Swali hili linaonekana jepesi, lakini majibu yake ni darasa. Chukua habari za Ousmane Sembène wa Senegal, aliyefariki mwaka 2007. Alipohojiwa alieleza njia yake waziwazi. Alikuwa kuli bandarini Marseille, Ufaransa. Akaandika riwaya, kisha akatambua kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawakujua kusoma. Ndipo, akiwa mtu mzima aliyekaribia miaka arobaini, akaenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu fupi ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Mwaka 1966 akatoa La Noire de..., na msichana aliyepewa nafasi kuu, Mbissine Thérèse Diop, alikuwa fundi wa kushona nguo. Sembène aliita sinema shule ya usiku ya watu wake. Jibu kama hilo humfundisha kijana anayesikiliza kwamba mlango wa kazi hii haufunguliwi kwa sura nzuri peke yake.

Au mtazame Lupita Nyong'o wa Kenya, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Wengi tunalijua gauni lake la usiku ule. Wachache wanajua kwamba miaka kumi nyuma alikuwa msaidizi mdogo katika utengenezaji wa filamu ya The Constant Gardener iliyopigwa Kenya. Humo alimweleza mwigizaji Ralph Fiennes kwamba naye angependa kuigiza, na mzee wa kazi akamshauri aingie ikiwa tu hawezi kuishi bila ya kuigiza. Halafu akaenda kusoma uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Hayo tunayajua kwa sababu kuna mtu aliuliza, na yeye akajibu.

Hapa kwetu majibu ya namna hiyo hayana uchache, ila hayajaulizwa vya kutosha. Sembène huyohuyo alitoa filamu ya Mandabi mwaka 1968, habari ya mzee aliyetumiwa hawala ya fedha kutoka Paris akashindwa kuichukua kwa kukosa kitambulisho. Kisa hicho kilivuka bara lote kikafika Dar es Salaam, ambako Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu, alikigeuza kuwa tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha. Mama huyohuyo aliigiza katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, na tena katika Maangamizi ya mwaka 2001, filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Mtu mmoja ameshika kalamu, chaki na jukwaa. Ni vijana wangapi wanaoota kuigiza leo wanaoijua njia hiyo?

Swali la pili: ulitia sahihi nini?

Hapa ndipo penye maumivu, msikilizaji wangu. Katika miaka ya 2000, filamu za Kiswahili zilipokuwa zikiuzwa kwa kanda za video na baadaye kwa diski, biashara yenyewe ilikuwa hivi: watayarishaji wengi walimuuzia msambazaji filamu nzima, pamoja na haki zake, kwa donge moja. Mwigizaji naye alilipwa mara moja, siku za kupiga picha. Filamu ikiuzwa nakala mia au nakala laki, kwake ilikuwa sawa. Ikirushwa kwenye televisheni, sawa. Ikiwekwa kwenye intaneti na kutazamwa na watu wasiohesabika, sawa pia. Sura ni yake, sauti ni yake, bali mali ni ya mwingine.

Mwaka 2012 alipofariki Steven Kanumba, akiwa na miaka 28 tu, umati uliojaa viwanja vya Leaders Dar es Salaam ulionyesha jinsi mwigizaji anavyoweza kupendwa. Lakini mapenzi ya umati hayaandikwi kwenye mkataba. Tulilishuhudia tena kwa Mzee Amri Athumani, King Majuto, mwana wa Tanga aliyetuchekesha miongo mingi. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, yalizuka malalamiko juu ya mikataba yake ya matangazo ya biashara, hata Wizara inayosimamia sanaa ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mzee alifariki Agosti 8 mwaka huohuo. Kamati ni jambo jema, lakini inapokuja mtu yuko kitandani, imechelewa.

Si kwamba sheria haipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina yake ya mwaka 2001. Litazame hilo neno la pili, hakishiriki. Ndilo linalomhusu mwigizaji, maana linamtambua mtu ambaye hakuitunga kazi lakini ameipa uhai kwa mwili na sauti yake. Tatizo ni kwamba haki iliyoandikwa kitabuni huweza kuondoka kwa sahihi moja iliyowekwa haraka, juu ya karatasi ya Kiingereza, na mtu mwenye kodi ya nyumba inayomsubiri.

Wapo watakaoniambia: mkataba ni siri ya watu wawili, redio isiingilie. Nakubali. Kiasi cha fedha mtu anaweza kukihifadhi moyoni. Lakini yapo tunayoweza kuuliza bila kumvunjia mtu heshima. Mkataba ulikuwa wa maandishi au wa mdomo? Uliandikwa kwa lugha unayoisoma? Nakala unayo nyumbani? Ulikuwa wa muda gani? Kazi ikirudiwa kuonyeshwa, unapata kitu? Hakuna siri hapo. Na mwigizaji mmoja akijibu mbele ya kipaza sauti, mia wanaosikiliza watafungua makabati yao kutafuta karatasi zao.

Wapo pia watakaosema wasikilizaji wenyewe wanapenda udaku. Labda. Lakini msikilizaji hula alichopakuliwa. Mama anayeuza vitumbua anajua maana ya kukopwa na kutolipwa, dereva wa daladala anajua maana ya hesabu ya tajiri. Waeleze habari ya mwigizaji na msambazaji, watakuelewa upesi kuliko unavyodhani, maana ni habari yao.

Swali la tatu: baada ya filamu, kulibaki nini?

Mwaka 1973 Djibril Diop Mambéty wa Senegal alitengeneza Touki Bouki, habari ya kijana na msichana wa Dakar wanaotamani kwenda Paris. Kijana aliigizwa na Magaye Niang. Filamu hiyo inasifiwa duniani hadi leo. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2013, Mati Diop, mtoto wa ndugu yake Mambéty, alimfuata Magaye Niang na kutengeneza filamu juu yake, Mille soleils. Alimkuta yuko palepale Dakar, anachunga ng'ombe. Filamu yenyewe imechanganya ukweli na ubunifu, lakini kiini chake ni swali hili la tatu. Dunia ilikuwa na picha ya kijana juu ya pikipiki, na hakuna aliyeuliza kijana yule amezeeka wapi.

Nasi tuulize. Wako wazee wa michezo ya redio na filamu za zamani ambao sauti zao tulikua nazo. Baadhi wanauza duka, wengine wanalima, wengine wanauguzwa na watoto. Wanakumbuka nani aliandika mchezo, nani alishika kamera, kanda zilikwenda wapi. Mzee akifa na hayo, hakuna sheria wala kamati itakayoyarudisha. Na kanda ikioza, hata mkataba mzuri hauna tena cha kulinda.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama wewe ni kijana unayeitwa kesho kuigiza, usitie sahihi usichokisoma. Omba nakala, uende nayo kwa mtu anayejua sheria kabla kamera haijawashwa, si baada. Kama wewe ni mtangazaji mwenzangu, yaandike maswali haya matatu kwenye karatasi kabla mgeni hajaingia studio. Na kama mtaani kwako yuko bibi au babu aliyewahi kuigiza, mpelekee salamu, kaa naye jioni moja, na simu yako inayorekodi iwe imewashwa kwa ruhusa yake. Muulize jina lake kamili, mwaka, mahali na wenzake. Kisha nyamaza umsikilize.

Hadi juma lijalo, nawatakieni kazi njema na malipo yake.