Kupanga Uwindaji wa Wanyama Wakubwa Katika Ardhi ya Vijiji: Mada kwa Viongozi na Askari Wanyamapori wa Iringa na Mbeya



Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya uwindaji wa tembo, simba na nyati. Bunduki, magari na kambi ni kazi ya kampuni ya uwindaji na mwindaji bingwa wake, na wanaifahamu vizuri. Mimi nashikilia kwamba uwindaji hupangwa kwanza katika mkutano wa kijiji, kwa maswali mawili: wanyama tulionao ni wangapi, na ifikapo Oktoba maji yatakuwa wapi?

Wanyamapori ni mali ya umma chini ya Rais, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Ardhi ya Idodi na Pawaga ni ya vijiji, na sehemu yake imetengwa kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya MBOMIPA, inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Jumuiya ya Waga nayo inaunganisha vijiji vya Iringa na wenzao wa Mbarali, Mbeya. Kwa hiyo leseni peke yake haitoshi. Mwindaji anahitaji pia makubaliano na Jumuiya. Hili si geni kwa wazee wa Idodi, maana katika miaka ya 1990 vijiji vilipewa mgawo wa wanyama na kuwauzia wawindaji wenyeji, na fedha zikaingia kijijini.

Mgawo wa wanyama ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Sensa ya ndege ya mwaka 2013 katika ikolojia ya Ruaha na Rungwa ilikadiria tembo 20,090. Mwaka 2014 makadirio yakawa 8,272. Iliporudiwa mwaka 2015, yakapanda hadi 15,836. Tembo hubeba mimba miezi 22, hivyo hawawezi kuongezeka karibu mara mbili kwa kuzaana ndani ya mwaka mmoja. Ujangili ulikuwepo na ulitisha, lakini tofauti hizi zinatuonyesha pia kwamba sensa moja haifai kuwa msingi pekee wa kuamua ni madume wangapi wapigwe.

Hapo ndipo daftari la askari wa kijiji linapokuwa na thamani. Kanuni zinataka jino la tembo lifikie kilo 20 au urefu wa sentimeta 160, na simba awe dume wa miaka 6 au zaidi. Askari anayefuatana na wawindaji aandike siku zilizotumika kumtafuta mnyama, mahali alipopigwa, umri wake, urefu wa pembe au meno. Ikiwa kila msimu siku za kutafuta zinaongezeka na pembe zinafupika, mgawo umezidi na Jumuiya iombe upunguzwe, hata kama mapato yatashuka mwaka huo. Najua ni uamuzi mgumu kwa kijiji kinachosubiri fedha za zahanati.

Kuhusu maji: Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 hukauka sehemu kubwa mwishoni mwa kiangazi, sababu mojawapo kubwa ikiwa kilimo cha umwagiliaji, hasa mpunga wa bonde la Usangu. Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, wakati maji bado yametawanyika. Miezi mitatu baadaye nyati, tembo na simba wote wamesongamana kwenye madimbwi machache. Mwindaji hupenda hali hiyo kwa sababu kazi inakuwa rahisi. Kwetu ni hatari: ukifyatua risasi kwenye dimbwi lililobaki, kundi linatawanyika kwenda kutafuta maji kwingine, na kwingine huko ni kwenye mashamba na visima vyetu. Napendekeza safari nyingi zipangwe Julai na Agosti, na madimbwi ya mwisho yaorodheshwe katika makubaliano kuwa mahali pasipopigwa risasi.

Makubaliano hayo yataje pia mnyama aliyejeruhiwa. Huyo huhesabiwa katika leseni kana kwamba ameuawa, lakini mama anayekata kuni na mtoto anayechunga ng'ombe hawasomi leseni. Vijiji vya jirani vipewe taarifa siku hiyo hiyo, na kambi isihame mpaka mnyama huyo afuatiliwe.

Halafu kuna nyama. Mwindaji anataka pembe na ngozi. Dume la nyati lina uzito wa zaidi ya kilo 600, na joto la Pawaga halisubiri mtu. Ijulikane kabla ya safari ni kijiji gani kina zamu, gari lipi litabeba, na nani atasaini kupokea. Nyama ikioza porini, msidhani kijana wa pale atakuwa na moyo wa kuwataja majangili.

Ndugu wanasemina, naomba kila Jumuiya iitishe mkutano wake kabla ya Julai, isome madaftari ya msimu uliopita mbele ya wanakijiji, ndipo iketi na kampuni.