Aliyeumia Akitulinda ni Wetu
Maneno ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka



Mmezoea kutuona hapa na mapato na matumizi. Leo tunaanza na kosa letu. Mwaka jana lilipendekezwa fungu la kuwasaidia askari polisi wa nyumbani waliopata ulemavu kazini. Tulilifuta, tukisema polisi wana serikali yao. Hesabu zilifunga vizuri, lakini tulikosea.

Kazi yao kwetu tunaijua. Kuna ziwa tunalopakana nalo na Kongo, na barabara za Kasulu na Kibondo ambako abiria wamewahi kusindikizwa na askari wenye silaha. Oktoba 2018 kule Uvinza, mapigano ya polisi na wafugaji yaliua askari na raia. Waliokufa hutangazwa. Waliojeruhiwa hurudi nyumbani kimya kimya.

Yupo mwenzetu mmoja, sajenti wa zamani, aliyepoteza mguu kazini. Jina tunalihifadhi. Mafao alilipwa, na tunashukuru. Lakini mguu bandia huchakaa, na nauli ya kwenda hospitali kubwa, yeye na msindikizaji wake, hutoka mfukoni mwake. Mjumbe wetu alipomtembelea aliukuta mguu umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakuomba hela. Aliuliza kama kuna mahali panapohitaji mtu wa kuandika, maana mkono wake ni mzima.

Swali hilo limetukaa moyoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kukimbiza mwizi kunataka miguu, hatubishi. Lakini kupokea simu za 112, kutunza majalada, kumsikiliza mama kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kunataka akili na subira. Askari aliyeumia anavyo vyote, pamoja na uzoefu.

Faida ni yetu pia. Hapa mkoani, watoto wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa, wengi walihifadhiwa shuleni Kabanga, Kasulu, chini ya ulinzi. Mtu mwenye ulemavu anamhitaji polisi kuliko wengine. Akifika kituoni akakuta ngazi tupu, au yeye ni kiziwi na hakuna anayejua lugha ya alama, atarudi na shida yake.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, fungu la miguu bandia, magongo, viti mwendo na nauli. Pili, kwa makubaliano na Jeshi la Polisi, tuchangie saruji na mafundi wa kujenga njia za mteremko vituoni. Tatu, tuwaombe wenzetu wa CHAVITA wawafundishe askari lugha ya alama.

Sisi ni watu wa hesabu. Fungu hili litakuwa na daftari lake na risiti zake, na litasomwa hapa mwakani, shilingi kwa shilingi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu sajenti alicheza kwao, akaumia kwao. Daftari limefunguliwa, na wanakamati tumeshaandika ahadi zetu kwenye ukurasa wa kwanza. Karibuni.