Sigara, Afya na Mfuko wa Chama: Maneno ya Kamati ya Afya



Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa 10 tukiwa pamoja. Sisi wa kamati ya afya tumepewa dakika chache kabla ya chakula, na harufu ya pilau twaisikia, kwa hivyo hatutarefusha. Tumechagua kuzungumza juu ya sigara. Wapo watakaouliza: yatuhusu nini, na wengi wetu hatuvuti? Jamani, yatuhusu sana.

Moshi hauchagui. Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta wenyewe, walivuta moshi wa wenzao. Mtoto anayelala chumba kimoja na mvutaji hushikwa kwa wepesi na pumu na homa ya mapafu. Mja mzito anayekaa ndani ya moshi huweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Na kufungua dirisha hakutoshi. Mvutaji mwenyewe ndiyo usiseme: saratani ya mapafu na ya koo, moyo, kiharusi, na hata kifua kikuu humpata upesi kuliko wenzake.

Halafu kuna pesa, na hesabu za pesa twazijua. Tuseme mzee wa nyumba avuta sigara 5 kwa siku, na moja ni shilingi 20. Hiyo ni shilingi 100 kwa siku, 36,500 kwa mwaka. Kwa miaka 10, umri wa chama chetu, ni shilingi 365,000. Hizo ni mabati, ni karo, ni cherehani. Lakini mwenyewe hazioni, kwa sababu zatoka moja moja.

Hiyo moja moja ndiyo yatuleta kwenye jambo gumu. Wenzetu kadhaa wana vibanda, na baadhi ya vibanda hivyo vimesimama kwa mkopo wa chama. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Yakataza pia kuuza moja moja. Pakiti isipungue sigara 10. Mitaani sote twajua yanayofanyika. Mtoto wa shule hana pesa ya pakiti, lakini ya sigara moja anayo. Yeye huanzia hapo.

Katika kikao kuna aliyesema, na alisema kweli, kwamba anayekuja kununua sigara hununua na kiberiti, na soda, na mkate. Ukiiondoa, huyo aenda kibanda cha pili. Hatumlaumu. Faida yake ni ndogo lakini ni ya kila siku, na mwenye watoto wa kulisha huwezi kumwambia tu "wacha". Kwa hivyo kamati yapendekeza hivi: mkopo wa chama usinunulie sigara, na mwenye kibanda atakayeiondoa aongezwe miezi 3 ya kulipa, apate kuweka bidhaa nyingine mahali pake. Ikiwa ni hasara, tuibebe sote, si yeye peke yake.

Kuhusu waume zetu na vijana wetu, ugomvi hausaidii. Nikotini humfunga mtu. Wiki za kwanza ndizo ngumu. Mtu huwa mkali, usingizi humruka. Hamu ikija haikai, ni dakika chache tu. Mpe maji, mzungumzishe mpaka ipite. Akirudia, aanze tena. Wengi hufaulu baada ya kujaribu mara kadhaa. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo hushuka ikawa kama nusu ya ile ya mvutaji. Ikifika miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo huwa kama nusu. Aliyeacha siku tulipofungua daftari la kwanza la chama, leo amefika hapo.

Pendekezo la mikopo litapigiwa kura kikao cha mwezi ujao. Wenye vibanda waje wenyewe, wasitume mtu. Sasa tukaribie pilau.